Uvimbe Umetolewa, Kidonda Kimepona: Mbona Tena Mionzi?

  

Leo tunazungumza juu ya swali ambalo huulizwa sana hapa Nyamarambe, kliniki na hata sokoni. Mtu alikuwa na uvimbe pajani au begani. Maabara ikasema ni kansa. Akapasuliwa, uvimbe ukatoka, kidonda kikafunga vizuri, nyuzi zikatolewa. Familia imemshukuru Mungu na kuku amechinjwa. Halafu daktari anaandika barua nyingine: mgonjwa aende kwenye mionzi, wiki sita. Hapo maneno yanaanza. "Si walisema wameitoa yote?" "Hao wanatafuta pesa." "Mionzi ndiyo inamaliza watu." Mgonjwa anakaa nyumbani, barua inawekwa chini ya godoro, na mwaka ukiisha uvimbe unaonekana tena pale pale penye kovu.

Basi asubuhi hii nataka tuelewane vizuri: kwa wengi wenye kansa za aina hii, upasuaji na mionzi ni tiba moja yenye sehemu mbili. Aliyepata sehemu ya kwanza na kuiacha ya pili bado hajamaliza dawa. Na hiyo sehemu ya pili ina wakati wake, haingoji mavuno ya chai wala bonasi.

Kwanza tujue ni kansa gani tunayoizungumzia. Mwili una mifupa, na una nyama laini: misuli, mafuta, mishipa ya damu, mishipa ya fahamu, na kano zinazoshika viungo. Kansa inayoanzia katika nyama hizo madaktari huiita sakoma. Inaweza kutokea popote, lakini mara nyingi huonekana pajani, mguuni, mkononi, au ndani kabisa ya tumbo. Si kansa ya kawaida. Vivimbe vingi vinavyoota mwilini ni vya mafuta tu na havimdhuru mtu, kwa hiyo usilie kila ukigusa kidonge chini ya ngozi. Uvimbe wa kutiliwa shaka ni ule uliozidi yai la kuku kwa ukubwa, au unaoendelea kukua, au ulio ndani sana chini ya misuli, au uliotolewa zamani na sasa umerudi. Hata ukiwa na dalili moja tu kati ya hizo, nenda hospitali. Na usingoje maumivu, mama. Sakoma nyingi mwanzoni haziumi hata kidogo. Nimeona watu wakija na paja lililovimba kama mtungi, na wanasema, "Sista, sikujali kwa sababu haikuwa inauma."

Kuna jambo linalotuharibia kazi mapema kabisa. Uvimbe wa namna hii haufai kukatwa haraka haraka na mtu yeyote mwenye kisu na ganzi. Kwanza hupigwa picha, halafu hutolewa kipande kidogo cha nyama kwa sindano au kwa kukata kidogo, kikapimwe maabara. Hapo ndipo daktari hupanga akate wapi na kwa upana gani. Na uvimbe ukitolewa, hata kama umeambiwa ni mafuta tu, nyama ile isitupwe. Uliza kwa adabu: "Daktari, hii inapelekwa maabara gani, na majibu nitayachukua lini?" Hapo hujamkosea mtu adabu. Bila karatasi ya maabara, daktari wa mionzi hana pa kuanzia.

Sasa turudi kwenye swali: kama uvimbe umetoka wote, mionzi ni ya nini?

Wewe una migomba nyumbani. Ukikata mgomba hadi chini, kisiki kikabaki sawa na udongo, je, umeumaliza? Baada ya wiki chache utaona chipukizi limetoka, na pengine halikutoka kwenye kisiki chenyewe, limetoka hatua moja pembeni, mahali ambapo juu ya ardhi hapakuwa na kitu. Sakoma hufanya vivyo hivyo. Ule uvimbe unaoshikika ni shina. Pembeni yake, katika nyama inayoonekana nzima kabisa, kunaweza kuwa na chembe ndogo za ugonjwa ambazo jicho la daktari haliwezi kuziona wala kidole chake kuzigusa. Anaposema, "Tumetoa yote," anasema ukweli: ametoa yote aliyoweza kuyaona. Mionzi hupelekwa kwa yale asiyoweza kuyaona.

Sisi Wagusii kisu hakitutishi sana. Sifa za ababari wetu, waliofungua fuvu la mtu mwenye maumivu ya kichwa na akaishi, zimeandikwa katika vitabu vya madaktari wa ng'ambo. Labda ndiyo sababu tunauamini upasuaji upesi kuliko mashine isiyotoa hata tone la damu. Lakini kwa sakoma kisu peke yake kina historia ya kusikitisha. Zamani, ili kuhakikisha ugonjwa haurudi, madaktari walikata mguu wote au mkono wote. Mwaka 1982 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya utafiti uliobadilisha mambo. Wagonjwa 43 wenye sakoma za mikono na miguu waligawanywa kwa bahati nasibu: 16 walikatwa kiungo, na 27 walitolewa uvimbe tu na nyama ya pembeni, kisha wakapewa mionzi. Dawa za kansa za mishipani walipewa wote. Katika wale 27, wanne ugonjwa uliwarudia mahali pale pale. Lakini walipohesabu waliobaki hai, hakukuwa na tofauti ya maana kati ya makundi hayo mawili. Yaani mguu ulibaki, na maisha hayakupungua.

Basi ukimwona mtu anatembea na miguu yake miwili baada ya sakoma ya paja, ujue kwamba mara nyingi mionzi ilisaidia kuuokoa ule mguu. Na akikataa mionzi, halafu ugonjwa ukarudi, safari ya pili daktari anaweza kukosa njia nyingine isipokuwa kukata kiungo.

Nitakuambia na upande wa pili, maana sipendi kuuza dawa kama mchuuzi wa stendi. Mionzi hulinda mahali palipopasuliwa. Haiendi kutafuta ugonjwa uliokwisha kusafiri. Utafiti mwingine wa Marekani wa mwaka 1998, uliokuwa na wagonjwa 141, ulionyesha kwamba waliopata mionzi baada ya upasuaji ni wachache sana waliorudiwa na ugonjwa pale pale, na wasiopata walirudiwa wengi zaidi. Lakini idadi ya waliofariki katika makundi yote mawili haikutofautiana sana, kwa sababu sakoma inapoua mara nyingi huua kwa kuhamia mapafuni. Ndiyo maana baada ya mionzi bado utaitwa kupigwa picha ya kifua. Na si kila mgonjwa anahitaji mionzi. Uvimbe mdogo, ulio juu juu, wa aina isiyo kali, uliotolewa wote ukiwa umezungukwa na nyama safi, daktari anaweza kusema upasuaji umetosha. Akisema hivyo, mwamini, usimlazimishe. Wengine nao hupewa mionzi kabla ya kupasuliwa, ili uvimbe udhoofike kwanza. Utafiti wa Canada wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba wanaoanza na mionzi hupata shida ya kidonda zaidi, watu 35 katika kila 100, wakati wanaopigwa mionzi baadaye ni 17 katika kila 100. Kwa upande mwingine wanaopigwa baadaye hupewa mionzi mingi zaidi, na nyama yao huweza kukakamaa zaidi miaka ikipita. Kila njia ina gharama yake. Kwa hiyo usishangae jirani yako akipangiwa tofauti na wewe.

Sasa tuje kwenye wakati. Mionzi haianzi kidonda kikiwa wazi, kwa sababu ngozi iliyopigwa mionzi hupona polepole. Kwa kawaida hungojwa kidonda kifunge, ndipo ianze, mara nyingi kati ya wiki ya nne na ya nane baada ya upasuaji. Hesabu mwenyewe, mama: hizo si wiki nyingi. Ukikaa nyumbani wiki sita ukishauriana na wazee, halafu ndipo uanze kutafuta hospitali na kupanga foleni, wakati unakuwa umepita. Kwa hiyo safari ya mionzi hupangwa kidonda kikiwa bado kina bandeji. Siku ya kuruhusiwa kutoka wadi, usitoke bila karatasi hizi: majibu ya maabara ya nyama iliyotolewa, maandishi ya daktari aliyepasua yanayoeleza alikata wapi na alipofika, picha zilizopigwa kabla ya upasuaji, na barua ya rufaa. Zile picha za kabla watu huzitupa wakidhani hazina kazi tena. Daktari wa mionzi anazihitaji sana, kwa sababu yeye anakutana na kovu tu na ni lazima ajue uvimbe ulikuwa umekaa wapi. Tia vyote katika mfuko mmoja wa plastiki, mbali na moshi na mbali na watoto.

Wakati huo huo kitunze kidonda. Mpe mgonjwa maharagwe, mayai, maziwa, omena, mboga. Mwenye kisukari adhibiti sukari yake, kwa maana kidonda cha sukari huchelewa kufunga na mionzi nayo itachelewa. Anayevuta sigara aache. Ukiona usaha, harufu, au kidonda kimeachia, rudi hospitali siku hiyo hiyo. Usikipake kinyesi cha ng'ombe, ugoro, wala unga wa mizizi. Sina ugomvi na waganga wetu wa mitishamba, lakini kidonda hiki si chao.

Utakwenda wapi? Kwa miaka mingi katika Kenya yetu hospitali ya umma yenye mashine za mionzi ilikuwa Kenyatta ya Nairobi peke yake, na foleni ilikuwa ya miezi. Siku hizi hali ni afadhali. Kuna Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, iliyoanza kupokea wagonjwa mwaka 2019, kuna Hospitali ya Moi kule Eldoret, na kuna vituo vya Nakuru, Mombasa na Garissa, mbali na hospitali za watu binafsi. Kituo cha kansa cha mjini Kisii ni mradi tuliousubiri miaka mingi; ukiwa Hospitali ya Rufaa ya Kisii, uliza kwanza umefikia wapi kabla hujapanga safari ya mbali. Uliza pia watupigie simu huko unakotumwa kujua kama mashine inafanya kazi na foleni ni ya muda gani. Simu moja huokoa nauli ya watu wawili.

Kuhusu pesa, NHIF haipo tena. Tangu Oktoba 2024 nafasi yake imechukuliwa na SHA. Kama familia yako haijaandikishwa, piga *147# kwa simu yoyote, au mwombe mhudumu wa afya wa kijiji chako akusaidie. Kujiandikisha peke yake hakutoshi. Sisi wakulima na wafanyabiashara wadogo hulipa mchango wa mwaka, na usipolipa kadi haifanyi kazi. Tiba ya kansa ina kiwango cha mwisho ambacho SHA hulipia kila familia kwa mwaka. Kwa hiyo, kabla mionzi haijaanza, uliza maswali mawili: tumebakiwa na kiasi gani, na mionzi yote itagharimu kiasi gani? Ni afadhali mjue mapema pengo liko wapi, mkaitishe mchango kanisani, kuliko kuambiwa katikati ya safari. Tena SHA hailipi nauli wala malazi. Wiki sita si siku mbili. Tafuta ndugu anayeishi karibu na hospitali, au nenda ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali uulize kama kuna mahali wagonjwa wa mbali hulala kwa bei nafuu. Wengi wanaoacha tiba katikati hawaachi kwa kuogopa. Wanaacha kwa sababu ya chumba na chakula.

Sasa hebu tuingie ndani, uone kunafanyika nini.

Neno la mitaani, "kuchomwa," limefanya kazi mbaya sana. Mtu akiambiwa anakwenda kuchomwa anafikiria moto. Mionzi ni jamaa ya ile eksirei ya kifua unayoijua, ila ina nguvu zaidi na inalengwa mahali pamoja. Siku ya kwanza au ya pili mgonjwa hapigwi mionzi. Hulazwa kwenye mashine ya kupiga picha, wakapima, wakachora alama kwenye ngozi kwa wino au kwa vidoti vidogo. Pengine watamtengenezea kifaa cha kushika mguu usisogee. Alama hizo usizisugue kwa sabuni wala kwa jiwe la kusugulia miguu. Zikififia, waambie wahudumu. Usizichore tena mwenyewe kwa kalamu. Baada ya hapo daktari na wataalamu wa vipimo huketi na picha hizo wapange mionzi ipite wapi na iepuke nini. Kupanga huko kunaweza kuchukua siku kadhaa, kwa hiyo usidhani wamekusahau.

Siku ya tiba yenyewe mgonjwa hulala kitandani, wahudumu hutoka nje, mlango mzito hufungwa. Wanamwona kwa kamera na kumsikia. Mashine huunguruma, pengine huzunguka. Hasikii joto, hasikii maumivu. Dakika chache imekwisha. Kesho yake tena. Mionzi ya baada ya upasuaji kwa mtu mzima mara nyingi hugawanywa mara 30 hadi 33, mara moja kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa. Kwa nini wasimpe yote siku moja akarudi nyumbani? Kwa sababu nyama nzima nayo inapata mionzi, na inahitaji usiku ule wa kupumzika ili ijitengeneze. Chembe za kansa hujitengeneza vibaya. Kila siku zinapigwa kabla hazijasimama. Ukikosa siku kwa kupenda kwako, umezipa nafasi ya kusimama. Mashine ikiharibika au ikiwa sikukuu, hilo si kosa lako, wao watapanga namna ya kufidia. Lakini usije nyumbani Nyamarambe kwa mazishi ukakaa siku nne ukisema utalipa baadaye. Najua ni neno zito kwetu kumwambia mtu asije mazishini. Mwambie daktari kwanza, asikie kutoka kwako.

Mama mmoja aliniuliza kama mume wake akitoka kwenye mionzi ataiambukiza familia. La, hapana. Mionzi ya mashine ya nje hupita na kuisha pale pale, kama taa inavyozimwa. Mtu harudi nayo nyumbani. Lala naye kitanda kimoja, mle sahani moja, mpe mtoto ampakate. Mama anayenyonyesha na anayepigwa mionzi mguuni anaweza kuendelea kunyonyesha. Maziwa hayapati mionzi. Lakini akiwa anapewa pia dawa za kansa za mishipani, zile watu wanaziita kimo, hapo asinyonyeshe mpaka daktari aseme. Mimba ni jambo jingine. Mwanamke asishike mimba wakati wa mionzi, na kama siku zake zimechelewa aseme kabla ya kulala kwenye mashine, hata kama ana haya. Huku kwetu zahanatini tutampa njia ya kupanga uzazi inayomfaa. Na kama mionzi itapita nyongani au tumboni chini, mke au mume aulize mapema juu ya uzazi, kwa maana mayai ya mwanamke na mbegu za mwanamume huharibika kwa mionzi.

Sasa ngozi. Vitabu vingi husema ngozi itakuwa nyekundu. Ngozi yetu nyeusi haifanyi hivyo. Itazidi kuwa nyeusi pale penye mionzi, itakauka, itawasha, pengine ibanduke kama ya mtu aliyeungua na jua. Kwa kawaida huanza wiki ya pili au ya tatu, na huwa mbaya zaidi mwishoni, hata wiki moja au mbili baada ya kumaliza. Usishtuke ukiona inazidi wakati mashine imekwisha. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na manukato, kausha kwa kugusagusa na kitambaa laini, usisugue. Usipake mafuta, jeli, maji ya shubiri wala dawa yoyote isiyotoka kwa wahudumu wa mionzi. Usikande kwa maji moto wala kwa barafu. Vaa leso au sketi pana, acha suruali inayobana. Ukienda shambani funika mahali pale jua lisipige. Pakifungua kidonda, pakitoa maji au harufu, onyesha kesho yake asubuhi kabla ya tiba. Nywele zitapotea mahali panapopigwa tu. Aliyepigwa pajani hatapoteza nywele za kichwa kwa sababu ya mionzi.

Uchovu huja kidogo kidogo. Si uvivu, mama mkwe anisikie hapo. Mtu anaweza kuamka vizuri na saa sita mchana akashindwa kubeba ndoo. Apumzike, lakini asilale kutwa nzima.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni mazoezi. Nyama iliyopasuliwa ikapigwa mionzi hupenda kukakamaa, na goti au bega likikakamaa miezi mingi halinyooki tena kwa urahisi. Mguu umeokolewa kwa gharama kubwa. Ni huzuni ukibaki haukunjiki. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo ataonyesha namna ya kunyoosha na kukunja. Yafanyeni kila siku, asubuhi na jioni, na wewe mtunzaji uyajue kama unavyojua ratiba ya chanjo. Mguu au mkono ukivimba, uinue juu ya mto wakati wa kupumzika, na uulinde usikatwe na panga au miba, kwa sababu kidonda kidogo katika kiungo kilichovimba huchukua wadudu upesi. Hata miaka ikipita, mfupa uliopigwa mionzi huwa dhaifu kidogo. Maumivu mapya ya mfupa yasipuuzwe.

Kwa mama mwenye mtoto mgonjwa nina maneno ya pekee. Watoto nao hupata kansa ya misuli. Inaweza kuonekana karibu na jicho, puani, shingoni, kwenye njia ya mkojo, au mkononi na mguuni. Lakini mpango wao ni tofauti na wa mtu mzima. Mara nyingi huanza na dawa za mishipani, upasuaji hufuata, na mionzi huingia mahali pake, kwa kiasi kidogo zaidi. Mtoto mdogo hawezi kutulia peke yake katika chumba kile, kwa hiyo hupewa dawa ya usingizi kila siku ya tiba. Ukiambiwa asile tangu usiku, asile kweli, hata akilia njaa. Akilala na tumbo limejaa anaweza kutapika na matapishi yakaingia mapafuni. Madaktari watakueleza pia kwamba mfupa ulio karibu na mionzi unaweza kukua polepole kuliko wa upande wa pili. Ni jambo la kweli na linaumiza moyo wa mzazi. Huwekwa kwenye mizani pamoja na ugonjwa wenyewe, na hapo ndipo huamuliwa. Uliza maswali yako yote kabla ya kutia sahihi.

Nisisahau: kuna kansa nyingine ya nyama laini inayojulikana sana kwetu, Kaposi, yenye madoa na vivimbe vya rangi ya zambarau, hasa kwa wenye virusi vya UKIMWI. Hiyo ina njia yake. Msingi wa tiba yake ni dawa za ARV, na wengine huongezewa dawa za kansa. Kwa hiyo usichukue mambo ya leo ukamwambia mgonjwa wa Kaposi akapasuliwe.

Baada ya siku ya mwisho ya mionzi kuna kadi ya kurudi. Miaka miwili au mitatu ya kwanza ndiyo ya hatari zaidi, na mgonjwa huitwa kila baada ya miezi mitatu au minne: kovu linashikwa, kifua kinapigwa picha. Nyumbani pia, mara moja kila mwezi wakati wa kuoga, pitisha kiganja juu ya kovu na pembeni yake. Ukigusa kidonge kipya, au mgonjwa akianza kukohoa bila kupona, usingoje tarehe ya kadi.

Kama kuna barua ya mionzi nyumbani kwako ambayo haijafanyiwa kazi, hata kama tarehe yake imepita, ilete kituo cha afya kilicho karibu nawe wiki hii pamoja na karatasi nyingine zote. Daktari ndiye atakayesema kama bado inafaa. Wiki ijayo, siku na saa kama hii, tutazungumza juu ya chakula cha mtu asiyeweza kumeza vizuri. Mniandikie maswali kama kawaida, na mwandike kwa hati kubwa tafadhali.